Mgao Kabla ya Idi: Uchambuzi wa Kisa cha Kikundi cha Hisa Ngamiani, Tanga

Kwa nini nakiandika

Mimi ni mwezeshaji wa vikundi vya hisa, na niliitwa kusuluhisha ugomvi wa dini katika kimojawapo. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwenye simu: "Njoo, kina mama wa Kiislamu na wa Kikristo hawasemezani, na Wasabato wanataka kujitoa." Nilipofika niliomba daftari kabla ya kuomba maelezo. Nililisoma mchana kutwa, na jioni nilikuwa na hakika kwamba kilichowagombanisha ni hesabu ya siku. Dini iliingia baadaye, kama mpita njia aliyekuta watu wanazozana akakaribishwa kiti.

Kikundi ni cha hisa: wanachama huweka fedha kila wiki, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana zote, na huko ndiko kuvunja, yaani mgao. Kipo Tanga mjini, katika zile barabara za namba za Ngamiani. Jina lake nimeliacha, ya wanachama pia, na baadhi ya kazi zao nimezibadilisha ili mtu asije akamnyooshea jirani yake kidole. Tarehe sikuzigusa. Kisa chenyewe ni tarehe.

Kikundi na katiba yake

Walikuwa wanawake 27. Kumi na sita ni Waislamu, wengi wao Wadigo na Wasegeju. Saba ni Wakristo wanaosali Jumapili: Wabondei wa Kianglikana ambao dini wameirithi kwa mabibi waliosomeshwa na misheni ya Magila kule Muheza, Wasambaa wa Kilutheri, na Mkatoliki mmoja. Wanne ni Wasabato, wote Wapare. Anayeijua Upare hatashangaa, maana Usabato uliingia milima ile mwaka 1903, na Wapare walioshuka Tanga wameshuka nao.

Kazi zao ni zile tunazozijua: maandazi ya asubuhi, samaki wa kununua Deep Sea na kuuza mtaani, genge, mitumba, cherehani mbili tatu, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye kwa sababu ya mwandiko wake akafanywa katibu.

Katiba yao ilikuwa ya kurasa nne, imeandikwa kwa mkono. Hisa moja Sh 2,000, mwisho hisa tano kwa kikao. Sanduku lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Mkopo ni wa wiki 12, na mikopo yote iwe imerudi wiki nne kabla ya mgao ili hesabu ifungwe. Asiyefika kikaoni faini Sh 500, "isipokuwa siku ya sikukuu". Akidi ni wanachama 18. Kikao ni kila Jumamosi saa kumi alasiri barazani kwa mwenyekiti. (Suala la riba, ambayo wao wanaiita ada ya huduma, sitaligusa; lina kisa chake.)

Kifungu kilichozaa mambo yote ni cha mgao: "Tutavunja Jumamosi ya mwisho kabla ya Idi, zibaki angalau siku mbili za sokoni."

Kifungu hiki kilitoka wapi? Nilimwuliza mwenyekiti, mama wa makamo, Mdigo. Akasema alikitoa kwenye upatu wa marehemu mama yake. Upatu ule ulikuwa na Waislamu na Wakristo vilevile, na kila mtu alifurahi, kwa sababu miaka ile Idi na Krismasi zilikuwa zinaandamana. Nikakumbuka: Idi ya Mfungo Mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, ilianguka tarehe 8 Januari mwaka 2000, na mwishoni mwa Desemba ya mwaka uleule ikaja nyingine. Mwaka mmoja wa kizungu, Idi mbili. Mama aliyetoa fedha kabla ya Idi alikuwa ametoa kabla ya Krismasi, na alikuwa ametoa kabla ya ada za shule. Kifungu kimoja kilihudumia watu wote.

Miaka ishirini na ushei ikapita. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Idi inarudi nyuma kama siku kumi na moja, na inachukua kama miaka 33 kuzunguka misimu yote. Krismasi ikabaki pale pale na shule zikaendelea kufunguliwa Januari. Idi ikatoka Desemba, ikapita Novemba, ikapita Ramadhani za kipupwe cha Agosti, na mwaka 2021, kikundi hiki kilipoanzishwa, ilikuwa Mei. Kifungu kiliandikwa upya neno kwa neno, hakuna aliyeuliza kama Idi bado ipo ilipokuwa.

Hapo nilishangaa kidogo, maana watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Bibi zetu walihesabu Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani, na hesabu hiyo ilikuwa ya ibada, harusi na maulidi. Kupanda na kuvua walikuwa na hesabu nyingine, mwaka wa Nairuzi wa siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Walijua kwamba mwezi haumwambii mtu lini mvua inakuja. Walitunza kalenda mbili kichwani na kila moja ilikuwa na kazi yake.

Yaliyotokea

Mzunguko wa kwanza ulikwisha salama. Mgao ulifanyika Jumamosi tarehe 30 Aprili 2022, siku chache kabla ya Idi. Wasabato hawakuwapo, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato yao na fedha hawashiki mpaka jua lizame. Mweka hazina aliwawekea bahasha zao, akawapelekea Jumapili. Hisa zao za kila wiki pia walikuwa wakizituma Ijumaa kabla ya magharibi kwa mkono wa mwenzao, na faini hawakutozwa. Haya yote yalikuwa makubaliano ya mdomo. Mwenyekiti aliyajua, mweka hazina aliyajua, katiba haikuyajua.

Mei 2022 kikapata katibu mpya, yule mwalimu, Mlutheri. Ni mtu wa daftari na hana upendeleo. Mwanzoni mwa Desemba alikagua mahudhurio, akakuta wanawake wanne hawajawahi kukanyaga kikao hata kimoja na hawajalipa faini hata moja. Akafungua katiba, akasoma, akaanza kuandika Sh 500 kila Jumamosi mbele ya majina yao. Walipolalamika akawaambia wamwonyeshe kifungu. Hawakuwa nacho.

Jumamosi ya tarehe 24 Desemba 2022, mkesha wa Krismasi, walifika watu 11. Akidi haikutimia, wakaahirisha. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kukopesha. Hesabu ni rahisi ukiifanya: Idi ya 2023 ilitarajiwa tarehe 21 au 22 Aprili, kwa hiyo mgao ni Jumamosi tarehe 15. Toa wiki nne za kufunga hesabu, toa wiki 12 za mkopo, unafika 24 Desemba.

Mweka hazina aliifanya hesabu hiyo usiku wa kuamkia tarehe 7 Januari. Asubuhi yake kina mama tisa walikuwa wamejiandaa kukopa, shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinangoja. Kikaoni akasema dirisha la mikopo limefungwa. Wakauliza kwa nini. Akajibu kwa ukweli wote na bila kupima maneno: "Kwa sababu ya Idi."

Kati ya wale tisa, watano walikuwa Wakristo na wanne Waislamu. Lakini maneno yaliyotoka pale barazani hayakutoka na hesabu hiyo. Kufikia jioni Soko la Mgandini lilikuwa limeshaambiwa kwamba watoto wa Wakristo wamenyimwa ada ili watu wapate pilau ya Idi.

Miezi mitatu ikaenda kwa kununa. Kisha ikaja Aprili, na yeyote anayepanga vikao vya watu waliochanganyika dini angeitazama kalenda ya Aprili 2023 akakuna kichwa. Ijumaa tarehe 7 ilikuwa Ijumaa Kuu, ilikuwa Siku ya Karume, na ilikuwa Ijumaa ya katikati ya Ramadhani: wengine kanisani mchana, wengine msikitini mchana huohuo, na serikali imepumzika kwa sababu nyingine kabisa. Jumamosi tarehe 8 ilikuwa siku ya kikao. Wakristo wote saba hawakutokea. Kuna maandalizi ya nyumbani, kuna mkesha wa Pasaka, kuna waliosafiri Muheza na Lushoto.

Je, Jumamosi Kuu ni sikukuu? Katiba ilisema "siku ya sikukuu", basi. Kwenye orodha ya serikali zipo Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, Jumamosi haimo. Katibu msaidizi, Mwislamu, aliyekuwa ameshika daftari siku ile, akaandika faini saba. Mojawapo ilikuwa ya katibu mwenyewe, ambaye naye alikuwa Lushoto kwao. Kanuni yake ikamrudia mlangoni.

Halafu tarehe 15, siku ya mgao. Wasabato walikuwa wameomba mapema wawekewe bahasha kama mwaka uliopita. Katibu alikataa: katiba inataka kila mtu apokee mwenyewe na kuweka sahihi, na sanduku lifungwe tupu. Basi wakakubaliana watakuja jua likizama, Sabato ikiisha. Kila mtu aliona ni ufumbuzi mzuri.

Sijui kama mmeiona kasoro. Jua linapozama Msabato anafunguliwa. Jua lilelile linapozama, katika Ramadhani, Mwislamu anafuturu, anasali magharibi, na baada ya isha anakwenda tarawehe. Ni dakika moja, na wote wawili wanaingoja, kila mmoja kwa haja yake. Hapa imani hizi hazikutofautiana hata kidogo. Zinakubaliana kabisa kwamba siku huisha magharibi. Kwa Kiswahili cha bibi zetu "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, na Msabato anaiingia Sabato yake kwa hesabu hiyohiyo.

Kuhesabu kulianza saa kumi. Hesabu ya faini ikakataa, wakarudia mara mbili. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika kadhaa, wanawake waliofunga tangu alfajiri wakaanza kutazama jua na kufikiria vyungu vyao. Bahasha 23 zilikuwa zimetoka. Mwenyekiti akafunga sanduku na bahasha nne ndani, akasema, "Turudi saa moja."

Wasabato walifika saa moja kamili. Mwenyekiti alirudi saa moja na robo na ufunguo wake. Mshika ufunguo wa pili, Mwanglikana, hakuwa ameondoka. Wa tatu, muuza samaki, alifuturu kwa kokwa mbili za tende na maji, akaenda kuwapakulia watoto, na kutoka hapo akapitiliza msikitini, simu imezimwa. Alirudi saa tatu na nusu usiku akishangaa watu bado wamekaa. Mmoja wa wale wanne alikuwa ameshaondoka saa mbili. Alisema neno moja ambalo kila niliyemhoji alinirudia bila kubadilisha: "Pesa yangu imefungwa kwa funguo za imani za wengine."

Idi ikaja. Kuna waliosali Ijumaa tarehe 21 kwa kufuata mwandamo wa Makka, na wengi wakasali Jumamosi tarehe 22. Mzunguko wa tatu haukuanza.

Nilichokikuta kwenye daftari

Daftari la hisa lilikuwa la kununua dukani, limechorwa safu 52. Katika mzunguko wa pili safu za mwisho zilikuwa tupu. Nilimwuliza mweka hazina kwa nini, akasema alidhani ni uzembe wa katibu. Nikahesabu mgao hadi mgao, 30 Aprili 2022 hadi 15 Aprili 2023: wiki 50. Zile mbili hazikuwahi kuwapo.

Nikachukua karatasi nikaendelea mbele kwa kifungu kilekile, nikiandika mgao na siku ya mwisho ya kukopa:

Mgao 30 Aprili 2022, mwisho wa kukopa 8 Januari 2022.
Mgao 15 Aprili 2023, mwisho wa kukopa 24 Desemba 2022.
Mgao 6 Aprili 2024, mwisho wa kukopa 16 Desemba 2023.
Mgao 22 Machi 2025, mwisho wa kukopa 30 Novemba 2024.

Mstari wa kwanza ndio uliowadanganya. Mwaka wa kwanza dirisha lilifungwa tarehe 8 Januari, watu wakakopa ada siku ya mwisho kabisa bila kujua ni ya mwisho. Wakadhani kikundi kinakopesha ada. Kilikuwa kimebahatika tu.

Karatasi hii niliipeleka kwenye kikao cha usuluhishi na kuibandika ukutani kabla ya mtu yeyote kusema. Walikaa kimya wakiitazama. Aliyevunja ukimya ni ajuza wa kikundi, Mwislamu, muuza maandazi: "Kwa hiyo hata sisi, wajukuu zetu wasingekopewa." Ndivyo ilivyokuwa. Wanne kati ya wale tisa wa Januari walikuwa wa kwao, ila kelele ilikuwa imewafunika.

Aliniuliza tena, "Mwanangu, Idi na Krismasi zitakutana lini tena?" Nikamwambia mwaka 2033, Idi itakuwa karibu na tarehe 23 Desemba. Akacheka, akasema basi kifungu kitunzwe kabatini.

Maamuzi, na kwa nini

Kwanza kosa langu. Kikao cha kwanza nilikwenda na kalenda ya ukutani yenye sikukuu za serikali, nikapendekeza tuondoe siku zote nyekundu, zilizobaki ndizo za kikundi. Ilionekana haki kwa wote. Wakaniuliza maswali matatu nikanyamaza: Jumamosi Kuu iko wapi? Siku ya Arafa, ambayo wengi tunafunga, iko wapi? Siku ya 29 ya Ramadhani, ambayo hatujui kesho ni Idi au la, iko wapi? Kalenda ya serikali inaonyesha siku ambayo watu wamepumzika. Mwanamke anayepika anachoka siku moja kabla. Siku nzito ya sikukuu kwake ni mkesha, na mkesha hauna rangi nyekundu.

Kikao cha pili nikabadilisha swali. Sikuuliza tena "siku gani unasali". Niliuliza kila mmoja, "Saa gani huwezi kushika fedha wala kutoka nyumbani?" Majibu tuliyachora kwenye karatasi ya manila. Ijumaa ikatoka nusu yake kwa swala na nusu nyingine kwa Sabato inayoanza magharibi. Jumamosi ikatoka. Jumapili ikatoka asubuhi kwa ibada na alasiri kwa vikundi vya kina mama vya makanisa. Jumatano Mlutheri mmoja alikuwa na kwaya. Ikabaki Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, na wauza samaki wakasema Jumatatu soko ni zito. Wakachagua Jumanne saa kumi alasiri. Katika Ramadhani, kwa kuwa baada ya alasiri jikoni hapatoki mtu, kikao kiwe saa tatu asubuhi.

Pendekezo la kurudi Jumamosi na kuwasamehe Wasabato tu lilikuwapo, na lilikuwa rahisi. Lilikataliwa na Msabato mmoja. Alisema hataki kusamehewa kila wiki kama mwenye kosa la kudumu.

Kuhusu mgao, wengine walitaka uhamie wiki moja kabla ya Krismasi. Hoja ilikuwa na nguvu, maana Krismasi haihami. Muuza samaki akauliza kama wanatoka kwenye sikukuu ya mtu mmoja kwenda ya mwingine. Mwishowe wakatenganisha mambo mawili ambayo kifungu cha zamani kilikuwa kimeyafunga pamoja. Mgao ukapewa tarehe isiyo ya mtu: Jumanne ya pili ya Desemba, kisha kikundi kinapumzika mpaka Jumanne ya pili ya Januari. Ada ikawa inatoka kwenye mgao wenyewe, hakuna haja ya mkopo. Kwa sikukuu wakaanzisha mfuko wa pembeni, Sh 1,000 kila kikao, mfuko wa kitambaa ndani ya sanduku, haukopeshwi. Kila mwanachama anaandikisha mwezi wake wa kuchukua. Anayetaka Ramadhani anapewa ikifika nusu ya mwezi, kwa hiyo hata kama nyumba moja inasali Idi siku mbili tofauti, fedha imeshafika.

Masharti mengine mawili yakaandikwa. Kutuma hisa kwa mkono wa mwenzako kunaruhusiwa kwa yeyote, bila kutaja dini. Baadaye aliyenufaika zaidi ni mwalimu, ambaye asubuhi za Ramadhani yuko darasani. Na hakuna kikao siku ya 29 wala ya 30 ya Ramadhani wala Idi mosi na pili. Kifungu hiki waliacha kiseme kwa hesabu ya mwezi, makusudi, kwa sababu ukikiandika kwa tarehe ya kizungu mwakani kitakuwa uongo.

Faini za siku za ibada wakakubaliana zirudishwe kutoka mfuko wa jamii, yaani fedha za kikundi za kusaidiana.

Matokeo

Mzunguko wa mpito ulianza Jumanne tarehe 16 Mei 2023 ukaisha tarehe 12 Desemba, wiki 30 tu. Mgao ulikuwa mdogo na manung'uniko yalikuwa makubwa, hasa kwa waliozoea kununua nguo za Idi kwa fedha za hisa. Waliandikisha miezi yao: Waislamu 12 Ramadhani, wawili Mfungo Tatu (mwezi wa Idi ya Kuchinja), wawili Januari, Wakristo sita Desemba na mmoja Pasaka, Wasabato Januari, kwa sare za watoto. "Sisi sikukuu yetu inakuja kila wiki," mmoja alisema, "haihitaji mfuko."

Jumanne tarehe 26 Machi 2024 aliyekuwa hajakosa kikao alikuwa na Sh 43,000 kwenye mfuko wa pembeni. Siku hiyo ilikuwa katikati ya Ramadhani na pia katika Wiki Kuu, maana Pasaka ya 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi. Wale 12 walipanga foleni asubuhi pamoja na yule mmoja wa Pasaka. Tarehe 9 Aprili, Jumanne, ilikuwa siku ya 29, hakuna kikao. Idi ikawa kesho yake. Mwaka 2025 Idi ilikuwa Jumatatu tarehe 31 Machi, Jumanne ikawa Idi pili, hakuna kikao tena. Mara zote mbili hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kasoro zilijitokeza. Mfuko wa pembeni haukopeshwi, kwa hiyo haukui, na mweka hazina huwakumbusha hilo kila robo mwaka kwa sura ya mtu aliyeonewa. Wanne kati ya waliochagua Desemba walihamia miezi mingine baada ya kugundua wanapokea mifuko miwili kwa mkupuo. Na Jumanne ya pili ya Desemba 2025 iliangukia tarehe 9, siku ya Uhuru. Tulikuwa tumepima dini zote tukaisahau serikali. Wakarudisha mgao nyuma hadi tarehe 2.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni ile karatasi ya tarehe nne. Kabla yake kila mtu alikuwa na maelezo yaliyomtaja mtu: mwenyekiti anapendelea wenzake, katibu hawapendi Wasabato, mweka hazina ana kiburi. Nilipowahoji mmoja mmoja sikukuta hata mmoja aliyepanga ubaya. Katibu aliyewatoza Wasabato alitozwa na kanuni ileile. Aliyefunga dirisha la mikopo alikuwa Mwanglikana, akiilinda tarehe ya Idi.

Kuuliza saa badala ya siku kuliokoa muda. Ukiuliza siku, mtu anakutetea imani yake. Ukiuliza saa, anakueleza ratiba yake, na ratiba zinapangika.

Sina uhakika kama mfuko wa pembeni utadumu. Unafaa sasa kwa sababu Idi iko mbali na Desemba. Kadiri miaka inavyokwenda zitasogeleana tena, na ninaweza kumwona mwenyekiti wa wakati huo akisema mambo haya ya mifuko miwili ni usumbufu, tuvunje mara moja kabla ya Idi.

Makubaliano ya mdomo ndiyo yaliyoumiza zaidi, na hapa lawama naiweka kwa waliokuwepo mwanzo. Hisani isiyoandikwa inaishi kadiri anavyoishi madarakani aliyeitoa. Katibu mpya hakuvunja ahadi yoyote. Hakuna aliyemwambia kwamba ipo. Vilevile sanduku la kufuli tatu, ambalo sisi wawezeshaji tunalisifu kila kona kwa usalama wake, lilionyesha upande wake mwingine usiku ule: funguo mbili kati ya tatu zikiwa mikononi mwa watu wa ratiba moja, sanduku nalo linafuata ratiba hiyo. Siku hizi ufunguo mmoja anao Msabato.

Mimi pia niliitwa nikachelewa na nikafanya kazi polepole. Wasabato walikuwa wanne. Wawili walirudi Mei. Wawili wengine, akiwamo yule aliyeondoka saa mbili usiku, walikuwa wameshaandika barua ya kujitoa wiki moja kabla ya uamuzi wa kurudisha faini, na katiba inasema aliyejitoa hana dai. Niliomba kifungu hicho kilegezwe. Kura zilikuwa 13 kwa 12 za kukataa. Kwenye daftari la mzunguko wa pili, mbele ya majina yao, bado zimeandikwa Sh 9,000 za mmoja na Sh 7,500 za mwingine.